MeCP2: Protini inayosoma alama za jeni, na maradhi yanayowapokonya wasichana usemi

MTOTO wa kike huzaliwa akiwa buheri wa afya. Hunyonya vyema, hutabasamu, huketi kwa wakati wake na pengine huanza kutamka maneno mawili matatu yanayowafurahisha jamaa wote. Kisha, kati ya umri wa miezi sita na miezi 18, mambo huanza kwenda mrama. Kikombe alichokuwa akikishika humponyoka. Maneno aliyokuwa ameyajua humtoka moja baada ya jingine. Mikono yake huanza kusuguana mbele ya kifua, saa nenda saa rudi, mithili ya mtu anayefua nguo isiyoonekana.

Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Rett. Inakadiriwa kwamba humpata msichana mmoja kati ya kila 10,000 wanaozaliwa, bila kujali kabila, rangi wala taifa.

Mtoto anapopotewa na usemi kwa namna hii, wa kwanza kulaumiwa huwa ni mama. Huulizwa alikula nini alipokuwa mjamzito, au ukoo wao una laana gani, au ni nani aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Wala si Afrika pekee. Katikati ya karne ya 20, baadhi ya matabibu wa Marekani na Ulaya waliwaambia mama wa watoto wenye usonji kwamba maradhi hayo yalitokana na wao kutowapenda watoto wao vya kutosha.

Jibu halimo katika lolote kati ya hayo. Limo katika protini moja inayojishikiza kwenye DNA ndani ya kiini cha seli, iitwayo MeCP2. Kuifahamu protini hii kunahitaji kwanza kufahamu jinsi mwili unavyohifadhi maagizo yake.

Uzi mrefu katika kiini kidogo

Kila seli ya mwanadamu yenye kiini hubeba maagizo ya urithi yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemia, ambazo wanasayansi huzifupisha kuwa A, T, C na G. Kutoka kwa kila mzazi tunarithi herufi takriban bilioni tatu. Lau nyuzi zote za DNA za seli moja zingenyooshwa na kuunganishwa, zingefikia urefu wa karibu mita mbili. Hata hivyo, huhifadhiwa katika kiini ambacho upana wake ni sehemu chache tu kwa elfu za milimita moja.

Ili kuenea humo, DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi unavyozungushwa kwenye kibiringo. Kila kibiringo huundwa na histoni nane, na huzungukwa na jozi 147 za herufi. Mjumuiko huo wa DNA na protini zake ndio uitwao kromatini, jina lililotolewa na Mjerumani Walther Flemming katika karne ya 19 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, kwa kuwa kitu hicho kilinyonya rangi aliyoitumia kuchunguzia seli chini ya hadubini.

Kwa miaka mingi kromatini ilidhaniwa kuwa mzigo uliofungwa tu. Siyo hivyo. Namna inavyofungwa ndiyo huamua ni jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Seli ya ini na seli ya ubongo za mtu mmoja zina jeni zile zile zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kuunda protini. Tofauti ni kwamba jeni zinazosomwa katika ini sizo zote zisomwazo katika ubongo. Palipokazwa sana hapasomeki; palipolegezwa husomeka.

Alama na msomaji wake

Mojawapo ya njia za kuonyesha kwamba sehemu fulani ya DNA inyamazishwe ni kuipachika alama ndogo ya kikemia iitwayo metili, yenye atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Kwa kawaida alama hiyo huwekwa juu ya herufi C inayofuatwa na herufi G. Herufi yenyewe haibadiliki, na wala maana ya neno haipotei. Ni alama tu iliyoongezwa juu yake.

Sisi tunaojipatia riziki kwa kusanifu maandishi ya wengine tunalielewa jambo hili kwa urahisi. Enzi za kalamu nyekundu, mhariri alipotaka aya fulani isichapishwe hakuikata kwa makasi. Aliiwekea alama pambizoni, na mpangaji chapa aliyezijua alama hizo akairuka. Maneno yalibaki pale pale kwenye karatasi, ila hayakufika gazetini. Lakini mpangaji chapa asiyezijua alama angechapisha kila kitu, na asubuhi simu ya mhariri mkuu ingelia.

Kwa msingi huo, wanasayansi waliokubali kwamba metili hunyamazisha jeni walilazimika kujiuliza ni nani anayeisoma alama hiyo. Mwaka wa 1992, kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Bird, ambaye sasa anajulikana kwa kazi yake ndefu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, lilitangaza kwamba limeitenga protini inayojishikiza mahsusi kwenye DNA iliyopachikwa metili. Waliipa jina ambalo kifupi chake ni MeCP2: 'Me' ni ya metili, 'CP' ni ya jozi ya herufi C na G pamoja na protini inayoishika, na 2 kwa sababu ilitanguliwa na nyingine.

Katika umbo lake lililochunguzwa zaidi, protini hiyo ni mnyororo wa asidi amino 486. Sehemu mbili za mnyororo huo ndizo zenye uzito mkubwa. Ya kwanza ni mkono unaoipapasa DNA na kuinata pale penye metili. Ya pili hushika kundi la protini nyingine liitwalo NCoR, ambalo ndani yake mna kimeng'enya cha kuondoa alama za asetili kutoka kwa histoni. Asetili zinapoondolewa, kromatini hukazika na jeni zilizo hapo husomwa kwa uchache zaidi.

Kwa maneno mengine, MeCP2 ni daraja. Upande mmoja umekanyaga alama, upande wa pili umewashika mafundi wa kunyamazisha.

Ushahidi wa kwamba kazi hizo mbili ndizo kiini cha mambo umetoka kwa wagonjwa wenyewe. Mabadiliko ya jeni yanayogeuza herufi moja tu na kuleta ugonjwa wa Rett yamerundikana katika sehemu hizo mbili, ilhali kwingineko katika protini watu wazima wasio na ugonjwa wowote hupatikana na mabadiliko mbalimbali. Mnamo 2017, maabara ya Bird ilikwenda mbali zaidi. Ilitengeneza MeCP2 iliyofupishwa hadi ikabaki takriban theluthi moja ya ile ya asili, yaani mikono hiyo miwili na kiungo kati yake, na panya walioipata waliishi bila dalili kubwa za ugonjwa.

Protini hii imo katika seli nyingi za mwili, lakini katika seli za neva wingi wake ni wa kustaajabisha. Uchunguzi wa ubongo wa panya waliokomaa uliotangazwa mwaka wa 2010 ulihesabu takriban molekuli milioni 16 katika kiini cha seli moja ya neva. Idadi hiyo inakaribia nusu ya vibiringo vyote vya histoni vilivyomo humo. Bila shaka kitu chenye wingi huo hakifanyi kazi ya kuzima jeni moja au mbili kama swichi ya taa ukutani.

Hapa ndipo wataalamu wamekuwa wakivutana. Hapo awali ilidhaniwa kwamba MeCP2 huzima jeni chache mahsusi, na kwamba zikitambuliwa siri itakuwa imefichuka. Ilipoondolewa katika panya, hata hivyo, maelfu ya jeni yalibadilika kidogo kidogo, mengine yakipanda na mengine yakishuka. Mwaka wa 2008 kundi moja la Houston liliripoti kwamba jeni nyingi zilishuka protini hiyo ilipokosekana, jambo lililoashiria kuwa huenda pia inaamsha. Maoni yanayoelekea kupata nguvu ni kwamba kazi yake kuu ni kupunguza sauti ya jeni nyingi kwa kiasi kidogo, na kwamba mengi ya yale mengine ni matokeo ya seli iliyokwisha kuugua. Vilevile imebainika kwamba katika ubongo MeCP2 husoma metili iliyowekwa juu ya C inayofuatwa na A, alama ambayo huongezeka katika seli za neva baada ya mtoto kuzaliwa. Hilo la mwisho huenda ndilo linaloeleza kwa nini mtoto huanza vyema ndipo baadaye arudi nyuma.

Wasichana wawili mjini Vienna

Ugonjwa wenyewe ulijulikana kabla ya protini. Mwaka wa 1954, Andreas Rett, daktari wa watoto mjini Vienna, Austria, aliwaona wasichana wawili wameketi mapajani mwa mama zao katika chumba cha kungojea. Wote wawili walikuwa wakisugua mikono kwa namna ile ile. Alipopekua kumbukumbu zake aligundua kwamba alikuwa amewahi kuwatibu wengine wa aina hiyo pasipo kuwaunganisha.

Mwaka wa 1966 alichapisha maelezo yake kwa Kijerumani. Akayahusisha maradhi hayo na wingi wa amonia katika damu, jambo ambalo baadaye lilibainika kuwa si kweli. Ama kwa sababu ya lugha, ama kwa sababu ya kosa hilo la amonia, wengi hawakumsikia. (Yafaa kukumbuka kwamba daktari anaweza kuona sawasawa na bado akakosea sababu.)

Kwingineko, Bengt Hagberg wa Uswidi alikuwa amewaona wasichana kama hao tangu miaka ya sitini bila kujua kazi ya Rett. Mnamo 1983, yeye na wenzake wa Ufaransa na Ureno waliandika kwa Kiingereza kuhusu wasichana 35, na wakaupa ugonjwa huo jina la yule aliyewatangulia. Tangu hapo madaktari duniani wakaanza kuutambua.

Mwaka huo huo wa 1983, Huda Zoghbi, mzaliwa wa Beirut ambaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanon vilimfanya amalizie masomo yake ya udaktari Marekani, alikutana na msichana wa aina hiyo hospitalini mjini Houston, Texas. Punde si punde akampata wa pili. Alishawishika kwamba chanzo kilikuwa jeni, kwa kuwa dalili zilifanana mno na karibu wagonjwa wote walikuwa wa kike. Wengi hawakukubaliana naye, maana ugonjwa huo haukuonekana kurithiwa. Familia zenye wagonjwa wawili zilikuwa za kuhesabika, na bila familia za namna hiyo ilikuwa taabu kujua jeni iko wapi.

Ilimchukua miaka 16. Kupitia kwa familia hizo chache, utafutaji ulibanwa hadi ncha moja ya kromosomu X, kisha mtafiti Ruthie Amir katika maabara yake akawa anazipima jeni za eneo hilo moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1999, katika jarida la Nature Genetics, walitangaza kwamba wasichana wenye ugonjwa wa Rett walikuwa na kasoro katika jeni inayoiunda MeCP2. Ilikuwa mojawapo ya mara za kwanza kuthibitishwa kwamba hitilafu ya kusoma alama zilizo juu ya DNA yaweza kumharibia mwanadamu ubongo. Rett hakuishi kuyasikia hayo. Alifariki mwaka wa 1997.

Bird na Zoghbi walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Ubongo inayotolewa nchini Denmark, mwaka wa 2020.

Kwa nini wasichana

Mwanamke ana kromosomu X mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na mwanamume ana X moja na Y moja. Mwaka wa 1961, Mwingereza Mary Lyon alieleza kwamba katika kila seli ya jike, mojawapo ya X hizo mbili huzimwa mapema kabla ya kuzaliwa. Ni ipi itakayozimwa ni bahati nasibu, na uamuzi ukishafanywa seli zote zinazotokana na ile ya kwanza huufuata. Ndiyo maana paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa kwa pamoja karibu kila mara huwa jike: kila baka ni kundi la seli zilizochagua X moja na kuiacha nyingine.

Ubongo wa msichana mwenye ugonjwa wa Rett una mabaka ya namna hiyo, ingawa hayaonekani. Karibu nusu ya seli zake hutumia jeni iliyo nzima, nyingine hutumia iliyo na kasoro. Nusu hiyo nzima ndiyo humwezesha kuishi, na wengi hufikia utu uzima. Uwiano ukiegemea upande wa jeni nzima, dalili hupungua. Mvulana mwenye kasoro ile ile hana X ya akiba. Kwa kawaida huugua sana tangu kuzaliwa na wengi hufariki wakiwa wachanga.

Je, kasoro hutoka wapi? Katika zaidi ya visa 99 kati ya 100, mtoto huyo huwa ndiye wa kwanza na wa pekee katika familia nzima. Kasoro huzuka upya, na mara nyingi huzuka wakati mbegu ya baba inapotengenezwa, pale herufi za DNA zinaponakiliwa mamilioni ya mara na mojawapo kukosewa. Baba humpa binti yake X na humpa mwanawe wa kiume Y. Kwa hiyo kosa lililozuka kwenye X ya baba haliwezi kumfikia ila binti. Huo nao ni mchango katika wingi wa wasichana miongoni mwa wagonjwa.

Haimaanishi kwamba sasa ni zamu ya baba kulaumiwa. Makosa ya kunakili hutokea katika kila mwanamume aliye hai, na hakuna chakula, dawa wala mwenendo unaojulikana kuwa ndio uliosababisha hili. Kwa wazazi wanaotaka mtoto mwingine, uwezekano wa kurudiwa na maradhi hayo ni chini ya asilimia moja. Hausemwi kuwa sufuri kwa sababu, kwa nadra, mzazi anaweza kuwa na kasoro hiyo katika baadhi ya mayai au mbegu zake, au mama akawa anaibeba bila dalili kwa kuwa seli zake nyingi zimeizima X iliyoharibika. Kipimo cha damu ya mama hutoa fununu ya hilo.

Ikizidi nayo ni balaa

Mtu angedhani kwamba protini yenye manufaa kiasi hicho ikiongezeka ubongo utanawiri. Mwaka wa 2004, maabara ya Zoghbi ilionyesha kwamba panya wenye MeCP2 maradufu hatimaye walipatwa na kifafa na matatizo mengine ya neva. Mwaka uliofuata, watafiti wa Ulaya wakaeleza wavulana ambao kipande cha kromosomu X chenye jeni hiyo kilikuwa kimejirudia. Wavulana hao huzaliwa wakiwa walegevu, huchelewa kutembea na kusema, huugua kifafa na hushambuliwa mara kwa mara na maambukizi ya mapafu.

Seli ya neva kwa hivyo yataka kiasi mahsusi, si pungufu wala ziada. Panya waliochunguzwa Houston na matokeo yake kutangazwa mwaka wa 2011 waliondolewa jeni hiyo wakiwa wamekwisha kukomaa, na bado wakaugua. Ni dhahiri kwamba MeCP2 haijengi ubongo kisha ikastaafu. Huutunza maisha yote.

Matokeo ya 2007

Hadi hapo, wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo uliokua bila protini hiyo ulikuwa umeharibika moja kwa moja. Kundi la Bird likapanga jaribio ambalo wengi hawakulitarajia kufaulu. Lilipachika kizuizi ndani ya jeni ya MeCP2 ya panya ili isisomwe, na likaweka njia ya kukiondoa kizuizi hicho kwa kuwadunga panya tamoksifeni, dawa inayofahamika zaidi kwa kutibu saratani ya matiti.

Panya waliachwa waugue. Wakashikwa na tetemeko, wakapumua kwa shida, wakawa hawatembei. Ndipo wakadungwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 katika jarida la Science yalisema kwamba panya waliokuwa wakichungulia kaburi walisimama na kurejea karibu na hali ya kawaida. Kwa wale waliorudishiwa jeni kwa ghafla, baadhi walikufa; kwa wale walioipata hatua kwa hatua, wengi walipona.

Maana yake ilikuwa kubwa. Katika ugonjwa wa Rett, seli za neva hazifi kama zinavyokufa katika maradhi ya uzeeni ya ubongo. Huwa ndogo, matawi yake huwa machache na mazungumzo kati yake hufifia, lakini zipo. Panya si mtu, na mwenye kusoma habari za tiba iliyofaulu kwa panya hana budi kujizuia kushangilia mapema. Hata hivyo, kabla ya 2007 hapakuwa na sababu ya kisayansi ya kutumaini. Baada yake ikawapo.

Dawa na majaribio

Machi 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha trofinetaidi, dawa ya kwanza mahsusi kwa ugonjwa wa Rett, kwa wagonjwa wa umri wa miaka miwili na zaidi. Ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake 187. Dawa hiyo hairekebishi jeni wala hairudishi MeCP2. Imeigizwa kutokana na kipande kidogo cha protini ya ukuaji iitwayo IGF-1 na hupunguza baadhi ya dalili kwa kiasi. Kuhara ni kero ya kawaida kwa wanaoitumia. Bei yake kwa mwaka mmoja huhesabika kwa mamia ya maelfu ya dola za Marekani, fedha ambazo kwa familia ya kawaida ya eneo letu ni sawa na kuambiwa haipo.

Njia ya pili ni kuingiza jeni nzima katika seli kwa kutumia kirusi kilichoondolewa madhara. Ugumu wake ni ule ule wa kiasi. Karibu nusu ya seli za msichana huyo tayari zina protini ya kutosha, na zikiongezewa huenda zikaangukia maradhi ya ile ziada. Kwa sababu hiyo jeni zinazotengenezwa sasa zimewekewa breki ya kujizuia zenyewe. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka wa 2023, mgonjwa wa kwanza akiwa mtu mzima nchini Kanada. Katika jaribio jingine, mwaka wa 2024, mgonjwa mmoja aliyepewa kipimo cha juu alifariki baada ya kinga ya mwili wake kufurika kupita kiasi, na kipimo hicho kikasitishwa. Vipimo vya chini viliendelea.

Yanayowezekana nyumbani na hospitalini

Utambuzi hauhitaji kusubiri mashine. Kwa mujibu wa vigezo vilivyokubaliwa mwaka wa 2010, daktari hutafuta kipindi ambacho mtoto alirudi nyuma kisha akatulia, pamoja na mambo manne: kupoteza matumizi ya mikono, kupoteza usemi, kutembea kwa shida au kutotembea kabisa, na yale mazoea ya kusugua, kukamua au kupiga makofi. Kichwa kinachopunguza kasi ya kukua ni dokezo la mapema, na ndiyo faida ya kupima kichwa cha mtoto kliniki na kuandika kipimo hicho kwenye kadi. Kipimo cha jeni huthibitisha. Kasoro ya MeCP2 hupatikana kwa takriban wagonjwa 95 kati ya 100 wenye dalili kamili.

Mara nyingi wasichana hawa hudhaniwa kuwa na usonji, au kupooza ubongo tangu kuzaliwa. Kosa hilo si dogo. Ugonjwa wa Rett una hatari zake ambazo daktari asiyeujua hatazitafuta. Uti wa mgongo huelekea kupinda kadiri msichana anavyokua. Kumeza kwa shida humfanya akonde hata pale chakula kisipopungua. Kupumua huvurugika akiwa macho, mara akizuia pumzi, mara akihema mbio, na vipindi hivyo vinaweza kudhaniwa ni kifafa na kutibiwa kwa dawa za kifafa bila sababu, ingawa kifafa chenyewe pia huwapata wengi wao. Aidha, mapigo ya moyo ya baadhi yao huwa na kasoro inayoonekana kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Wenye kasoro hiyo hawapaswi kupewa baadhi ya dawa, zikiwemo antibiotiki za aina ya erithromaisini, ambazo kwa watoto wengine hutolewa bila wasiwasi.

Mazoezi ya viungo, kunyoosha mgongo, lishe yenye nguvu nyingi na kumsimamisha kila siku husaidia kuhifadhi uwezo uliobaki. Kuhusu akili, waliowahi kuishi nao husema kwamba wasichana hawa hufahamu mengi kuliko wawezavyo kuonyesha. Hawawezi kuonyesha kwa kidole wala kwa sauti, lakini hutazama kwa makini, na katika nchi zilizoendelea wamewekewa kompyuta zinazofuatilia macho ili wachague neno kwa kulitazama. Pasipo mashine hiyo, kadi mbili za picha zikiinuliwa mbele yake, moja ya maji na nyingine ya chakula, hutosha kwa kuanzia. Inambidi anayeuliza angoje, kwani jibu la macho hayo linaweza kuchukua nusu dakika au zaidi kabla ya kufika.